Kidonge cha mia mbili na kisichoandikwa juu yake: tathmini ya dawa za kaunta Arusha na Moshi

"Nikatie Panadol za mia mbili." Hivyo ndivyo dawa nyingi za maumivu zinavyonunuliwa Arusha, kuanzia Kilombero hadi Sakina, na Moshi pale Mbuyuni hali ni hiyo hiyo. Muuzaji anachukua mkasi, anakata stripu, mteja anaondoka na vidonge viwili mfukoni. Tunachokipima hapa ni bidhaa kama inavyomfikia mteja huyo: kidonge chenyewe, pamoja na maelezo yanayotakiwa kuandamana nacho. Kidonge tunakipa alama nzuri. Maelezo yamefeli, na lawama si ya kiwanda peke yake.

Tuanze na kilichomo. Kidonge cha parasetamo cha mg 500 ukikipima uzito, mara nyingi utapata kati ya mg 550 na 650. Ile ziada ndiyo viambato visivyo tiba. Kuna wanga wa mahindi, unaokifanya kidonge kipasuke kikikutana na maji ya tumbo. Kuna povidoni, inayoshika unga usimomonyoke. Kuna asidi ya stiariki au magnesiamu stiareti, inayozuia unga kung'ang'ania kwenye mashine ya kukandamiza, na talki kidogo kwa kazi hiyo hiyo. Vyenye ngozi laini ya nje hupakwa haipromelozi ili vimezeke bila kukwaruza koo.

Kwa parasetamo ziada hiyo ni ndogo kwa kuwa dawa yenyewe ni nyingi. Chukua sasa klofeniramini ya mafua na mzio, ile ambayo karibu kila mtu anaiita Piriton hata ikitoka kiwanda kingine. Dawa iliyomo ni mg 4 tu. Mg 4 huwezi hata kuzishika kwa vidole, kwa hiyo zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za kile unachomeza ni vijazio, na kijazio kinachotumika sana ni laktozi, yaani sukari ya maziwa. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2019, baada ya kupitia orodha za makumi ya maelfu ya dawa za kumeza, walikuta zaidi ya asilimia 90 zina angalau kiambato kimoja kinachoweza kumletea mtu fulani mzio au kumvuruga tumbo. Laktozi ilikuwamo katika karibu asilimia 45.

Takwimu hiyo isikutishe kupita kiasi. Kidonge kimoja kwa kawaida hakifikishi hata nusu gramu ya laktozi, na watu wengi ambao maziwa huwasumbua huweza kustahimili gramu 12 kwa mkupuo, sawa na kikombe kimoja cha maziwa. (Huku kaskazini wapo wengi wasio na tatizo hilo kabisa: mwaka 2007 wanasayansi walitambua mabadiliko ya kijenetiki yanayowawezesha wafugaji wa Tanzania na Kenya kumeng'enya maziwa ukubwani.) Anayemeza vidonge vingi vya kila siku ndiye anayepaswa kupiga hesabu. Mwenye mzio wa kweli wa kiambato fulani yeye hapigi hesabu, anakikwepa kabisa.

Lakini "visivyo tiba" haina maana kwamba havigusi tiba. Mwaka 1968 huko Brisbane, Australia, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wametulia kwa fenitoini walianza kuonyesha dalili za sumu ya dawa hiyo. Kipimo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kijazio: kiwanda kiliacha kalisi salfeti na kuweka laktozi, na dawa ikaanza kuingia mwilini kwa wingi kuliko zamani. Ndiyo sababu mtu anayetumia dawa nyeti, hasa ya kifafa, akipewa ya kiwanda kingine kwa maelezo kwamba ni ile ile, ana haki ya kumuuliza mfamasia kabla ya kuondoka kaunta.

Maelezo yanapotelea wapi basi? Shika boksi usome. Dawa nyingi za viwanda vya India, ambazo rafu zetu zimejaa, huandika jina la dawa, mg zake, kisha "excipients q.s.", yaani viambato vingine kwa kiasi kinachotosha. Hapo hujaambiwa ni vipi wala kiasi gani. Rangi ndiyo hutajwa kwa jina, kwenye mstari unaoanza na "Colour". Orodha kamili, pale ilipo, inakaa kwenye karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani. Usianzie juu kwenye matumizi, nenda sehemu ya 6. Kwenye karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya wataalamu, orodha iko kifungu cha 6.1.

Nchi za Ulaya zinadai karatasi hiyo itaje viambato vyote, na boksi litaje vile vinavyojulikana kuwa na athari. Marekani inadai dawa za kaunta zionyeshe orodha nje ya boksi. Hata huko kuna mianya. Vionjo na manukato huruhusiwa kuandikwa kwa neno moja la jumla, bila kusema ladha ya stroberi imetengenezwa na nini. Kiasi cha kila kiambato aghalabu hakitajwi. Jelatini haisemi ni ya ng'ombe au ya nguruwe. Na orodha haielezi kila kitu kimewekwa kwa kazi gani, jambo tutakalolirudia mbele.

Kwetu pengo kubwa ni mkasi. Boksi la stripu kumi mara nyingi huja na karatasi moja. Mteja wa kwanza hapewi kwa sababu boksi bado limejaa, wa mwisho hapewi kwa sababu ilishapotea. Halafu namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda hugongwa upande mmoja tu wa stripu, na muuzaji asiyejali hukata kuanzia hapo hapo. Vidonge nane vinavyobaki havina tena tarehe. Wanunuzi wa vidonge vya kuhesabu kutoka kopo la elfu moja wana hali mbaya zaidi: bahasha ndogo iliyoandikwa "1x3" kwa kalamu, na basi.

Dawa ya pengo hili haina gharama. Kabla mkasi haujashikwa, sema: "Dokta, samahani, naomba boksi nilisome kwanza." Piga picha tatu kwa simu: uso wa boksi wenye jina na kiwanda, upande wenye toleo, tarehe na namba ya usajili, na sehemu ya viambato kwenye karatasi ya ndani. Omba akate kuanzia upande usio na mhuri, au akukatie wewe ule wenye mhuri. Namba ya usajili wa Tanzania huanza na herufi TAN, na unaweza kuitafuta kwenye rejista ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, mtandaoni. Ukikuta jina, kiwanda na nguvu ya dawa vinalingana na boksi, umejua bidhaa hiyo imepita mikononi mwa mamlaka. Usipakue karatasi ya dawa yenye jina kama hilo kutoka Uingereza ukadhani ndiyo yako. Jina moja la biashara linaweza kutengenezwa na viwanda tofauti kwa vijazio tofauti.

Sasa aina moja moja. Kidonge cheupe cha parasetamo kisicho na rangi ndicho chaguo letu la kwanza kwa maumivu na homa. Orodha yake ni fupi, na mara nyingi wanga wake ni wa mahindi au viazi. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, anayetakiwa kuepuka ngano, hata kidonge chenye wanga wa ngano hakitarajiwi kuzidi nusu miligramu ya gluteni kwa makadirio ya mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA. Aina yenye kafeini, kama Panadol Extra, ina mg 65 kwa kidonge, na kafeini hiyo ni dawa iliyotajwa wazi, si kijazio. Ukimeza viwili saa tatu usiku usishangae usingizi ukikupita.

Vidonge vya kuyeyusha kwenye maji ndivyo tunavyovipa alama ya chini kuliko vyote, kwa sababu mnunuzi havidhanii kabisa. Povu lile ni soda ya bikaboneti inapokutana na asidi, na soda ya bikaboneti ni sodiamu. Kidonge kimoja cha parasetamo cha kuyeyusha cha mg 500 hubeba takribani mg 400 za sodiamu, sawa na gramu moja ya chumvi ya mezani. Dozi ya viwili ni gramu mbili. Anayefika kikomo cha vidonge vinane kwa siku amekunywa gramu 8 za chumvi kabla hajagusa mboga, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kutoka vyakula vyote. Kwa mwenye presha, moyo uliochoka au figo, hiki si kitu cha kunywa wiki nzima. Vibaya zaidi, kwa kuwa vinauzwa ghali na vinapanda povu, watu wanaamini ni vya nguvu zaidi na humnunulia mzazi mzee kama heshima. Mnunulie cheupe cha kawaida. Eno ya kiungulia iangalie kwa jicho hilo hilo: pakiti moja ya gramu 5 ina karibu mg 850 za sodiamu.

Vidonge vya mafua vya mchanganyiko, vile vya manjano, chungwa au kijani, vina mambo mawili. La kwanza ni rangi. Tafuta tartrazini, E102, na "Sunset Yellow", E110. Wengi hawapati shida nazo, ila kwa baadhi ya watu, hasa wenye pumu au ambao aspirini huwabana kifua, tartrazini inaweza kuleta vipele au kubana. Nyeupe isiyong'aa ya ngozi ya vidonge ni titaniamu dioksaidi, E171, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vyakula mwaka 2022 lakini bado unairuhusu kwenye dawa.

La pili ni kubwa kuliko rangi: karibu mchanganyiko wowote wa mafua una parasetamo ndani. Mtu anameza kidonge cha mafua mara tatu, na katikati anaongeza Panadol za kichwa. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, na ini halijui kwamba zimetoka kwenye pakiti mbili tofauti. Na kiondoa kamasi kilichomo, fenilefrini, hakistahili pesa yako: Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA lilikubaliana kwa kauli moja kwamba ikimezwa kwa kipimo cha kaunta haifungui pua, na Novemba 2024 FDA ikapendekeza iondolewe kwenye orodha ya dawa za kaunta.

Vidonge vya gamba la jelatini: kama boksi halisemi chanzo, hutapata jibu dukani, na muuzaji anayekuhakikishia kuwa ni ya ng'ombe anabahatisha. Mwislamu au Msabato anayetaka uhakika atafute gamba la mimea, ambalo lebo huandika "hypromellose" au "HPMC", au achukue kidonge cha kawaida cha dawa ile ile. Mkifungua gamba na kumwaga unga kwenye uji, mwulizeni mfamasia kwanza, maana baadhi ya chembe za ndani zimepakwa ili zipite tumboni bila kuyeyuka.

Syrup za watoto ndizo zinazotufanya tusidharau neno "viambato vingine". Maji matamu yale husimama juu ya gliserini, propilini glaikoli au sorbitoli. Wauzaji wa malighafi wasio waaminifu, au viwanda visivyopima, huingiza humo daiethilini glaikoli, kemikali ya viwandani ya bei nafuu, tamu, inayoua figo. Mwaka 1937 iliua zaidi ya watu 100 Marekani, katika dawa ya maji ya salfanilamaidi, na vifo hivyo ndivyo vilivyozaa sheria yao ya dawa ya 1938. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa Gambia, na Indonesia zaidi ya 200. Aprili 2024, baada ya mamlaka ya Nigeria kutangaza kuwa imeikuta kemikali hiyo kwenye toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, nchi kadhaa za Afrika zilianza kulirejesha toleo hilo kutoka madukani, Tanzania ikiwamo.

Hapa lebo haikusaidii, kwa sababu hakuna kiwanda kitakachoandika sumu. Kinachosaidia ni namba ya toleo, ambayo ndiyo hutangazwa dawa inaporejeshwa, kwa hiyo usitupe boksi hadi chupa iishe. Mtoto aliyekunywa syrup akianza kutapika, kuumwa tumbo na hasa kukojoa kidogo au kutokojoa kabisa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo pamoja na chupa. Na kwa kikohozi cha kawaida, Uingereza tangu 2009 imeshauri watoto chini ya miaka 6 wasipewe kabisa dawa za kaunta za kikohozi na mafua. Wengi wao hupona bila chupa yoyote.

Tumefika kwenye viambato ambavyo watu wanaviulizia kwa kunong'ona: vile vinavyowekwa ili dawa isitumiwe vibaya. Vipo kweli, na namna yake ni tatu. Ya kwanza ni kizuizi cha umbo. Mwaka 2010 kidonge cha OxyContin, dawa kali ya maumivu yenye kulevya, huko Marekani kiliundwa upya kwa polima (kemikali ya molekuli ndefu, kama zile za plastiki) iitwayo polyethylene oxide, kikawa kigumu kuvunjika na chenye kugeuka uteute kikiloana. Hiyo ni dawa ya cheti. Kwa upande wa kaunta, kizuizi cha namna hii kiliingia kwenye sudoefedrini ya kufungua pua, kwa kuwa dawa hiyo ndiyo malighafi ya metamfetamini, dawa ya kulevya. Nexafed ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2012 ikiwa na mchanganyiko wa polima za kugandisha, na Zephrex-D ilifuata njia hiyo hiyo. Polima zimetajwa kwenye orodha, ila mnunuzi haambiwi zinafanya nini humo. Anasoma jina refu na kulipita. Wala hazikuondoa masharti ya kaunta: sheria ya Marekani iliyosainiwa 2006 inaendelea kuziweka dawa za sudoefedrini nyuma ya meza, kwa kitambulisho, na kikomo cha gramu 3.6 kwa siku na 9 kwa siku 30.

Namna ya pili ni kuongeza dawa inayoadhibu. Lomotil ya kuharisha ina difenoksileti mg 2.5 na atropini mg 0.025. Atropini hiyo haijawekwa kutibu chochote. Ni kidogo mno kwa dozi ya kawaida, lakini anayezidisha anakauka mdomo, moyo unakwenda mbio na macho yanaona ukungu. Imeandikwa wazi, ila wachache wanajua kwa nini ipo, na mtoto mdogo akimeza hata vidonge vichache vya mzazi hali huwa mbaya haraka. Namna ya tatu ni uchungu: denatonia, iliyogunduliwa Scotland mwaka 1958, kitu kichungu kuliko karibu chochote kinachojulikana, ambayo hutiwa zaidi kwenye spiriti na kemikali za nyumbani.

Je, vizuizi hivi vinamsaidia nani? Maoni yetu ni ya mashaka. Opana ER, dawa nyingine ya maumivu ya Marekani iliyoundwa upya kwa polima, ilihamisha watumiaji kutoka kunusa kwenda kujidunga. Polima ilipoingia kwenye mishipa ikahusishwa na ugonjwa wa damu unaoganda kwenye mishipa midogo na kuharibu figo, na dawa ilitajwa pia katika mlipuko wa VVU wa Kaunti ya Scott, Indiana, mwaka 2015. Juni 2017 FDA iliomba iondolewe sokoni. Hata vijazio vya kawaida, talki na selulosi, vikiingia kwenye damu hukwama mapafuni na kuacha makovu. Kidonge kimetengenezwa kupita tumboni. Kila kilichomo kimepimwa kwa njia hiyo tu.

Kwa mteja wa Arusha hili lina matokeo mawili ya moja kwa moja. Ukiona kidonge kinageuka uteute kwenye kijiko cha maji, usikimbilie kusema ni feki. Haipromelozi na polima za jamii hiyo hutumika sana kuchelewesha dawa itoke taratibu kwa saa 8, 12 au 24, na uteute ndiyo kazi yake. Angalia mwisho wa jina: SR, XR, MR au ER. Hicho hakisagwi, hakitafunwi, hakigawanywi kwa kisu kumpunguzia bibi, kwa sababu dozi ya siku nzima itatoka mara moja. Kimezwe kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa ameketi, kwani polima inayovimba inaweza kukwama kooni. EC nayo ni ganda la kulinda tumbo, sheria ni ile ile: usikivunje.

Nchi nyingine zimeamua kizuizi kiwe kwenye pakiti badala ya ndani ya kidonge. Uingereza tangu 1998 imeweka vidonge 16 vya parasetamo kwa duka la kawaida na 32 kwa famasi. Marekani mwaka 2019 iliidhinisha pakiti za loperamidi, dawa ya kuharisha, zisizozidi mg 48, baada ya watu kuimeza kwa wingi hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Australia iliiondoa kodeini, dawa ya maumivu yenye kulevya, kaunta kabisa Februari 2018. Ukiitazama hivyo, mkasi wa muuzaji wetu una upande mzuri ambao hausifiwi: mteja anatoka na vidonge vinne, nyumbani hakujazwi kopo, na anayerudi mara tatu kwa siku anatambulikana kwa sura. Kizuizi hicho kinafanya kazi pale tu muuzaji anapouliza. Akimhudumia kijana yule yule kila jioni bila neno, hakuna polima itakayoziba hapo.

Kuhusu maduka. Famasi zilizo karibu na hospitali, kama Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, ndipo penye nafasi kubwa ya kukuta boksi zima, karatasi ya ndani na mfamasia wa kuulizwa. Duka la Dawa Muhimu la mtaani, mfumo ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, lina mtoa dawa aliyepewa mafunzo na orodha maalumu ya dawa anazoruhusiwa. Usimdai uchambuzi wa polima, lakini mdai boksi. Jibu zuri tunalolihesabu ni "subiri niangalie". Jibu baya ni "zote ni sawa tu". Ukilisikia kwa dawa ya kifafa, presha au moyo, hamia duka jingine.

Tazama pia rafu. Dawa nyingi zinataka zikae chini ya nyuzi 30. Arusha hilo linawezekana bila taabu, ila Moshi, ambayo iko chini zaidi na ina joto, kioo cha dirisha kinachotazama jua la mchana ni jiko. Magamba ya jelatini hulainika na kunatana, vidonge vya kuyeyusha hunyonya unyevu na kuvimba ndani ya stripu, vya kopo hutoa unga na madoa. Kidonge cha kuyeyusha ambacho hakitoi povu la maana kimeshaharibika, kirudishe. Kopo likifunguliwa linatakiwa lifungwe kila baada ya kuhesabu, na kijiko cha kuhesabia kiwe kikavu. Ukiona vidole vinaingia kopo moja hadi jingine, mwenye mzio wa penisilini asinunue hapo hata parasetamo.

Na ukipata vipele, kuvimba midomo au kubanwa kifua baada ya dawa uliyokuwa ukiitumia bila shida, acha kuimeza na uende hospitali kwanza. Baada ya hapo ijazwe fomu ya njano ya TMDA ya madhara ya dawa, inayopatikana kwenye vituo vya afya na kwa mamlaka yenyewe, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Kwenye sehemu ya dawa usiandike "Panadol" au "Piriton" tu. Andika jina la biashara, kiwanda, nchi, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, na kama ulikuwa ukitumia ya kiwanda kingine kabla, andika hiyo pia, kwa sababu tofauti kati ya hizo mbili huenda ikawa ni kijazio au rangi. Vidonge vilivyobaki viache ndani ya stripu yake, usivihamishie kwenye bahasha.